Monitrisi na Njia ya Mutakura

Monitrisi wetu alikuwa mwoga. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe alianza nalo. Siku alipotupokea mara ya kwanza kwenye kituo cha afya cha mtaa wa Ngagara, sisi wanafunzi wa uuguzi tumejipanga ukutani na makoti meupe mapya, hakutukaribisha wala hakutuuliza majina. Alisema, "Mi niko muoga. Naogopa mikrobu, naogopa damu ya mutu, naogopa sindano yenye imeshatumika. Mwenye haogopi arudi kwao leo, sababu huyo ndiye atatuulia watu." Tulicheka chinichini tukidhani ni mzaha. Yeye hakucheka, akatuonyesha ndoo ya maji ya javeli, ile dawa ya kuulia vijidudu, na kutuambia tuanze kunawa.

Kwa wasiojua kazi hiyo, monitrisi si daktari wala si mwalimu wa darasani. Ni muuguzi mkongwe anayewapokea wanafunzi wakitoka shuleni, vichwa vimejaa Kifaransa cha vitabu, akawasimamia kituoni mpaka mikono yao ijue kile ambacho midomo yao inakariri. Jina lake tulilijua, ila hakuna aliyelitumia. Wagonjwa walimwita Monitrisi, daktari alimwita Monitrisi, hata mama aliyeuza karanga getini alimwita hivyo hivyo, na nadhani mwenyewe angeitwa kwa jina lake asingegeuka.

Woga wake haukuwa wa maneno tu. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa mtu yeyote anayekuja nyuma yake akitembea haraka. Kwenye mabasi madogo ya Ngagara alikaa karibu na mlango, na abiria wakijaa mlango ukawa mbali naye, alishuka akangoja jingine. Milio ya risasi ikianza upande wa milimani alikuwa wa kwanza kulala chini, tumbo sakafuni, mkoba juu ya kichwa. Na ikitulia alikuwa wa kwanza kuinuka na kutuuliza kama tumenawa, maana sakafu ile ilikuwa imepitiwa na kila aina ya viatu. Sisi tulikuwa vijana na tulimcheka sana kwa jambo hilo. Mimi nilitoka mtaa wa Buyenzi, kwetu watu wana utani, nikawa namwigiza wakati wa chakula jinsi anavyojitupa chini na mkoba wake, na wenzangu wanashika mbavu.

Alikuwa mwembamba, mrefu kidogo, na viatu vya mpira visivyotoa sauti, kwa hiyo ulikuwa ukimsengenya na kumbe yupo mlangoni. Mikono yake ilikuwa imekauka na kupasuka kwa javeli. Akinawa alianza na kucha, akapanda hadi viwikoni, akarudi tena kwenye kucha, na katikati ya hapo huwezi kumsemesha. Daktari mmoja kijana aliwahi kumwambia kwamba hiyo ni ibada. Alimjibu, "Ndiyo, Docteur. Na we uko mupagani."

Kila asubuhi, kabla ya dawa yoyote kutolewa, kulikuwa na mafunzo. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kituo: akina mama wanakaa kwenye mabenchi na watoto wao, mwanafunzi anasimama mbele na picha kubwa ya ukutani, anasema nzi anatoka chooni anatua kwenye chakula, akina mama wanaitikia ndiyo, kisha wanapewa namba zao. Monitrisi aliichukia picha ile. Alitukataza kusimama mbele. Alituambia tukae kwenye benchi pamoja nao, goti kwa goti, na tuanze kwa kuuliza. Leo mmechota maji wapi? Yalikuwa na rangi gani? Nani ameumwa huko? Alikoroga chumvi na sukari kwenye jagi la maji mbele yao, akanywa yeye kwanza, akakunja uso. "Iko mubaya," anawaambia. "Mutoto atakataa. Mupe kidogo kidogo, na akitapika mupe tena, usimuhurumie." Akina mama walicheka, na wakicheka walianza kusema mambo ambayo picha ya ukutani haikuwahi kuwasemesha.

Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba mama asiyechemsha maji hana elimu, na kazi yetu ni kumpa elimu. Siku moja niliandika hivyo katika ripoti ya staji yangu, yale mazoezi ya kazi kituoni, na nilijivunia Kifaransa changu. Monitrisi aliniita pembeni. "Huyu mama hajue kuchemusha maji?" akaniuliza. Nikasema hajui. "Anajua kukushinda. Lakini makala ya kuwasha moto atatoa wapi, na njia ya kwenda soko imefungwa tangu juzi? Muulize kwanza nini inamuzuia. Ukisha jua, ndio umufundishe." Nilinuna siku nzima. Lakini niliifuta sentensi ile.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alihubiri dhidi ya vyakula vya barabarani mpaka povu likamtoka, halafu jioni tunamkuta nyuma ya ukuta wa kituo anakula ndagala, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi, anatafuna upesi upesi. Ukimtazama anasema, "Zimepita mu mafuta ya moto. Mikrobu gani itabakia?" Alikuwa bahili wa glavu kiasi cha kutufanya tuzioshe kama sahani, ilhali chakula chake cha mchana aligawa bila kuangalia anampa nani. Alikuwa na hasira za ghafla. Na alikuwa na kiburi, hilo lazima niliseme: alipenda tumwangalie. Tukiwa tumemzunguka anaingiza sindano kwenye mshipa wa mtoto mchanga, mshipa ambao daktari ameshindwa kuuona, uso wake uling'aa.

Sasa niseme juu ya swali.

Mwaka ule mji wetu ulikuwa umeshaanza kukatika vipande. Watu walihama kutoka kartie hii, yaani mtaa huu, kwenda ile, usiku au alfajiri, wakiwa na godoro kichwani, kila mmoja akitafuta mahali ambapo majirani ni watu wa upande wake. Ikafika hatua ukitaja unakokaa, umeshajitaja wewe ni nani. Vijana waliweka magogo barabarani, wanamsimamisha mpita njia, wala hawamuulizi kabila. Wanamuuliza, "Unakaa wapi?" Wapo waliojibu wakapita, na wapo waliojibu wakashushwa kwenye mtaro. Mimi mwenyewe kutoka Buyenzi kwenda Ngagara nilikuwa nikiandaa jibu tangu nyumbani, nalirudia moyoni, na bado likifika mdomoni lilikuwa linakauka.

Na hapo ndipo palikuwa na shida ya kazi yetu. Ugonjwa wa kuhara ulipozuka, ule wa maji meupe unaokausha mtoto kati ya asubuhi na jioni, ambao sisi tunauita kolera, ilikuwa lazima tujue mgonjwa anatoka wapi. Usipojua anatoka wapi hujui maji yepi yameharibika, na kesho wanakuja wengine kumi. Swali la kuokoa watu na swali la kuwaua lilikuwa lile lile moja. Monitrisi aliliondoa midomoni mwetu kabisa. Alituambia mtu asiulizwe anakaa wapi ndani ya kituo hiki, iwe na sauti kubwa au ndogo. Aulizwe anachota maji wapi. Bomba la nyuma ya soko, kisima cha kanisa, mfereji wa kule chini. Bomba moja linachotwa na watu wa mitaa mingi, hata wa pande zote mbili, na mtu akitaja bomba hajataja mlango wake. Sisi tunapata tunachotaka, naye anabaki amefichika. Nilipoelewa jambo hilo niliacha kumwigiza wakati wa chakula.

Katika kundi letu alikuwepo msichana aliyeitwa Goreti. Alitoka mikoani, mnyoofu, mwenye bidii, anayekishika kitabu cha shule kwa mikono miwili. Kitabu kilisema mgonjwa wa kuhara aulizwe kwanza makazi. Siku hiyo Monitrisi alikuwa chumba cha chanjo, mabenchi yamejaa, na Goreti ndiye alikuwa mezani. Akafika mezani mama mmoja wa makamo na mtoto mgongoni, mtoto macho yameingia ndani, mdomo umekauka, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Asubuhi kwenye mafunzo mama huyo alikuwa ametuambia anachota bomba la nyuma ya soko la Mutakura. Ilitosha. Lakini Goreti alitaka kufanya kazi yake vizuri, akashika kalamu na kuuliza kwa sauti safi ya darasani, "Mama, unakaa kartie gani? Na njia gani?"

Kulikuwa na kijana mmoja mle ndani amekuja kufungwa kidole, na wengi tulimjua kwa sababu tulimpita kila siku kwenye gogo. Aliinua tu macho. Mama akamwangalia kijana, akamwangalia Goreti, akasema taratibu, "Ngoja, nimesahau kitu pale inje." Akatoka na mtoto wake hata bila kukimbia. Tulipofika getini hatukumwona.

Goreti alipomweleza Monitrisi, nilitegemea kofi. Monitrisi aliuliza jambo moja tu. "Mutoto amekunywa kitu?"

"Apana, Monitrisi."

"Basi mutoto hafiki jioni."

Alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaweka paketi za chumvi ya kukoroga ndani ya mkoba. Tulimwangalia hatuamini. Kutoka Ngagara kwenda Mutakura si mbali, kwa miguu unafika hujachoka, lakini katikati kulikuwa na magogo, na wiki ile hakuna mtu aliyekuwa akipita kama hana neno kubwa. Kifungo cha mkoba kilimshinda, nikamfungia mimi. "Naogopa sana," akatuambia, kama kawaida yake. Akatoka.

Alirudi mchana jua likiwa kali. Sote tulikuwa tumesimama getini tukimngoja, Goreti mbele, macho yamevimba. Monitrisi alikuwa na vumbi hadi magotini. Alisema, "Nimefika mpaka kwa bomba. Njia iko sawa, hakuna mutu anasumbua. Nimeuliza, sikumuona." Kisha akapita katikati yetu akaenda kunawa.

Nikiri kwamba nilijisikia kumsujudia. Mtu anayeshuka kwenye basi kwa sababu mlango uko mbali, ameenda Mutakura na kurudi. Tuliongea hayo kwa kunong'ona wakati tunakoroga javeli, na ndiyo maana hatukuona Goreti alipotoka. Alikuwa amechukua bidoni tupu, lile dumu la kuchotea maji, akavua koti, akajifunga kitenge cha mama wa usafi, akaondoka. Alikuwa amesikia kwamba njia iko sawa.

Mama wa usafi aliniambia Goreti ameenda Mutakura, nami nikampelekea Monitrisi habari. Alikuwa amekaa, akasimama, akakaa tena. Akaniuliza, "Ameenda wapi?" nikarudia, akaniuliza tena. Nilifikiri hasikii. Alikwenda getini, akatoka hadi kwenye kona, akarudi. Akatoka tena, akarudi. Alitapika karibu na ukuta na kulisahau tapiko lake, yeye ambaye hata mate ya mtu aliyamwagia javeli. Nilimletea maji akanawa mikono, akanawa tena, akaendelea kunawa mpaka mipasuko ya vidole ikatoa damu, na alikuwa anaongea peke yake kwa Kirundi, sala au sijui nini. Niliogopa kumwangalia. Nimeona watu wengi wakiogopa katika miaka ile, nami nimo, lakini mtu aliyeogopa kama vile sijamwona tena. Tulisema ni uchovu wa njia na jua.

Goreti alirudi jua likiwa limeanza kupoa, na mtoto mgongoni.

Alipita na bidoni lake kama mchota maji yeyote. Alikwenda hadi bombani akauliza wanawake ni mtoto wa nani anayeharisha, na bombani hakuna siri ya namna hiyo, akaonyeshwa. Akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko mpaka akaweza kuinua kichwa. Lakini mtoto bado alihitaji serumu, maji ya kutundikwa mshipani, na mama hakuthubutu kupita tena kwenye gogo. Basi akamfunga mtoto kwenye mgongo wa Goreti. Kwenye gogo vijana walimwona msichana anayetembea bila wasiwasi, na mtoto wake, na maji yake, wakamwachia. Hata hawakumuuliza. Yule wa kidole alimsalimia, maana alimtambua, na Goreti anasema alimwitikia na kuendelea kutembea.

Monitrisi alimpokea mtoto, akamlaza, akaupata mshipa kwa mara moja. Alipomaliza kufunga plasta aligeuka akampiga Goreti kofi la uso, kofi zito. Halafu akamkumbatia akalia kwa sauti. Tulisema ni kwa sababu ametoka bila ruhusa. Mtoto alipona. Mama yake alikuja kumchukua siku zilizofuata, ameletwa na mtawa mmoja kwenye gari.

Mutakura ile tuliyoijua haikudumu. Mama yule sijui alihamia wapi. Goreti alimaliza shule akarudi mkoani, akaolewa huko, ni muuguzi mzuri. Mimi nilibaki mjini. Na kwa jinsi mambo yanavyokwenda, baada ya miaka nami nikawa monitrisi, kwenye kituo kingine cha kaskazini, nikawa nawapokea wasichana na wavulana wenye makoti mapya. Vita ilikuwa bado haijaisha, ilikuwa inahama tu, leo huku, kesho kule. Mafunzo tuliendelea nayo, sasa hata majumbani, kwa sababu magonjwa hayakusubiri watu wapatane. Na kila nilipokuwa na kundi jipya lenye hofu, nililisimulia habari ya monitrisi mwoga kuliko wote aliyevua koti lake akaenda Mutakura na kurudi. Sikumtaja jina. Ilikuwa inafanya kazi. Niliona mabega yao yanashuka, pumzi zinarudi, na wanabeba mikoba yao wanatoka. Mimi mwenyewe, kila nilipopita mahali pabaya, nilijiambia kama yule aliweza mimi nashindwaje.

Yeye alikuwa amestaafu. Nilimtembelea mara chache, halafu mara chache zaidi. Kisukari kilimshika mguu, akahamishiwa Kigobe kwa binti wa dada yake, nyumba nzuri yenye ukuta mrefu. Mmoja wa wanafunzi wangu, Alisi, alikuwa akienda kumfunga kidonda kwa sababu anakaa jirani. Siku moja Alisi akaniambia, yule bibi wa kidonda anakuita, anasema uje leo.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti barazani, mguu juu ya stuli. Alikuwa amekonda, mikono ile ile. Nilimsalimia, nikamuuliza hali.

"Huyu mutoto Alisi amenisimulia hadisi," akasema. "Monitrisi moja wa zamani, aliendaga Mutakura kutafuta mugonjwa. Ananisimulia mi, hajue ni mi. Anasema ameitoa kwako."

"Ndiyo, Monitrisi. Nawasimulia wote."

"Acha."

Nilidhani ni unyenyekevu, nikaanza kumsifu. Akainua mkono.

"Sikufika," akasema. "Siku ile sikufika."

Alinieleza akiangalia ukuta. Alifika mahali Ngagara inapoishia, akaliona gogo, na mbele yake palikuwa na mwanaume mmoja amesimamishwa. Alisikia akiulizwa, "Unakaa wapi?" Mwanaume alikawia kujibu. Monitrisi akaingia kwenye kibanda cha fundi wa cherehani kilichokuwa pale kandokando. Fundi hakumuuliza kitu, alimpa upindo wa gauni aushike, ili aonekane mteja. Akaushika. Alisikia kilichotokea nje. Hakuniambia alisikia nini nami sikumuuliza. Alikaa na ule upindo mpaka fundi alipomwambia sasa unaweza kwenda, akarudi alikotoka.

"Nilitaka kusema kweli," akaniambia. "Haki ya Mungu. Lakini nilipofika geti, mulikuwa wote munaniangalia. We ulikuwa unaniangalia na macho ile... Nikasema njia iko sawa. Nilizani imeishia pale. Mugonjwa amepotea, basi, imeisha. Sikuwaza kama mutoto wa watu ataamini, abebe bidoni, aende."

Nilikumbuka yale matapishi ukutani. Nilikumbuka anavyotoka hadi kona na kurudi.

"Lakini Goreti alifika," nikamwambia. "Na mtoto alipona. Bila lile neno lako asingekwenda."

"Ndiyo. Alipona. Nimejiambia ivyo miaka yote. Lakini mi nilijua kwenye ile njia iko nini, yeye hakujua. Nilimutuma na macho imefungwa. Angeuawa, ningelisema nini? Mungu alimupitisha, si mi."

Nilimkasirikia. Sitaki kuficha, nilikuwa na mengi ya kumwambia. Mahali nilipopita mimi kwa ajili yake, milango niliyoigonga, asubuhi nilizotoka nyumbani watoto wangu wamelala sijui kama nitawaona tena, zote nilikuwa nimezitegemeza kwenye safari ambayo haikuwahi kuwepo. Kisha hasira ikaondoka. Nilianza kuhesabu wanafunzi niliowasimulia, na sikuweza kuwamaliza.

"Kesho munaenda wapi?" akaniuliza.

"Kinama. Nyumba kwa nyumba. Kuhara kumeanza tena."

"Na njia?"

Nilitaka kusema iko sawa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Aliniona, akatikisa kichwa, akanishika mkono kwa ile mikono mikavu na hakuniachia mpaka binti wa dada yake alipoleta chai. Hatukuigusa chai. Nilimfungulia kidonda nikakiangalia, nikamwambia kinaendelea vizuri, na hilo lilikuwa kweli. Niliondoka kabla magari hayajaisha barabarani. Hakuishi sana baada ya hapo.

Usiku wa siku ile ya Kigobe walipiga mabomu kutoka milimani, tukalala chini ya vitanda. Asubuhi nilikwenda kituoni mapema. Wanafunzi walishafika, wamejipanga getini na mikoba yao, paketi za chumvi ndani, Alisi mbele. Walikuwa wananiangalia, na nikajua wanangoja nianze ile habari, kwa sababu ndivyo nilivyofanya kila mara kabla ya kuwatoa.

"Monitrisi," Alisi akasema, "njia iko aje?"

"Sijuwe," nikamwambia.

Niliona uso wake unabadilika. Niliwaambia naenda kuiona njia mwenyewe kwanza, wao warudi ndani, wakae kwenye mabenchi na wagonjwa, mtu asitoke getini mpaka nirudi, na nikikawia wasinifuate. Nikavua koti, nikampa Alisi alishike, nikaanza kutembea kuelekea Kinama.